Wiki Tatu Bila Kugombezwa

Wapo wanaodhani kwamba methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ilitungwa na mtu mchoyo, aliyechoka kuhesabu vipande vya nyama katika sahani ya mgeni. Watu hao huitaja huku wakitupia jicho mlango, na mgeni mwenye akili huanza kutafuta begi lake. Lakini methali ni kama ndizi: aliyeishia kwenye ganda asiseme ameionja. Hii yetu ilimenywa Muleba, na aliyeimenya ni kijana wa kutoka visiwa vya Komoro, jina lake Najibu.

Najibu alifika Bukoba mwanzoni mwa Oktoba, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Chuo chake kule Moroni kilimtuma aje asome muhula mmoja wa kilimo. Kiswahili alikuwa amejifunza darasani mwaka mzima, akakijua barabara, ila alikizungumza kama msoma taarifa ya habari. Siku ya kwanza alimwambia mwenye bodaboda, "Ndugu, naomba unifikishe Hamugembe kwa usalama na kwa wakati." Mwenye bodaboda alizima pikipiki kwanza ili apate nafasi ya kucheka vizuri.

Alipangiwa kukaa mtaa huo wa Hamugembe, nyumbani kwa Mwalimu Consolata, mwanamke mwenye moyo mpana kama ziwa, aliyefundisha shule ya msingi. Mumewe alinunua samaki kisiwani Goziba, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mtoto wao wa kwanza, Datius, alikuwa Uturuki akisoma kwa mpango kama huohuo wa Najibu. Wa pili, Annastella, alisoma darasa moja na mgeni, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu ya mbuzi.

Najibu alipokewa kama yai. Kwa kuwa yeye ni Mwislamu na wenyeji wake ni Wakatoliki, Mwalimu Consolata alinunua sufuria mpya ambayo haikuwahi hata kusikia habari za nguruwe. Kila Jumapili, akitoka kanisani, alimwita jirani Mwislamu aje amchinje kuku. Chakula kiliandaliwa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, kwa mtu mmoja tu. Wenyeji walikula jikoni, nyuma ya nyumba.

Siku ya pili Najibu alibeba sahani yake kwenda kuiosha. Mwalimu Consolata alimrukia kana kwamba kijana ameshika nyoka.

"Yesu na Maria! Mgeni aoshe sahani? Majirani watanielewaje?"

"Lakini mama, nyumbani mimi huosha…"

"Nyumbani ni nyumbani, mwanangu. Hapa pumzika."

"Kaa chini, mheshimiwa," Annastella alimwambia akimpokonya sahani. "Ukiosha hiyo, Komoro watamwita balozi wao arudi."

Akataka kuteka maji, ndoo ikatoroshwa. Akataka kufagia uani, ufagio ukafichwa. Chuoni nako mambo yakawa yaleyale. Walipopewa kazi ya kikundi, kiongozi wao Kagaruki alimpigapiga begani. "Wewe ni mgeni wetu, usijichoshe. Sisi tutaandika, na jina lako tutaliweka la kwanza kabisa." Kweli wakaliweka. Najibu akapata alama kumi na saba kati ya ishirini kwa kazi ambayo hakuijua hata kichwa chake cha habari.

Jioni ndizo zilizomtesa zaidi. Akiwa sebuleni na madaftari yake, alisikia vicheko vikipasuka jikoni kama mahindi kwenye kikaango. Alipojitia moyo kwenda, vicheko vilikatika. Kigoda kilifutwa vumbi, yeye akaulizwa kama angependa chai, na wote wakaanza kuzungumza polepole kama walio msibani. Alirudi sebuleni. Kabla hajafika mlangoni, vicheko vilikuwa vimeanza tena.

Kijana akaanza kutafakari ni nini hasa alichokikosa. Chakula? Alikuwa amenenepa mashavu. Kitanda? Kilikuwa na foronya mbili. Nyumbani kwao, mama yake alimgombeza tangu jogoo la kwanza: viatu vimeachwa njiani, mbuzi hajahamishwa, nani amemaliza sukari? Sasa hata mama huyo, kwenye simu, alimsemesha kwa adabu kama ofisa wa benki. Wiki tatu nzima hakuna kiumbe aliyemgombeza. Mtu asiyegombezwa na yeyote, aliwaza Najibu, labda si wa yeyote.

Wiki ya tatu ofisi ya wanafunzi wa nje ikawagawia fomu. Ilikuwa na visanduku viwili: "Naendelea hadi mwisho wa muhula" na "Naomba kurudi nyumbani". Fomu zilitakiwa Jumatatu. Najibu alitia alama kwa kalamu ya wino katika kisanduku cha pili, akaichomeka karatasi ndani ya daftari, na moyo ukamwuma. Angewaambiaje watu waliomfanyia wema wote ule kwamba anaukimbia?

Cha ajabu, Alhamisi ile kuku alichinjwa, ingawa haikuwa Jumapili. Ijumaa akaletwa sato mkubwa kuliko sahani. Najibu alikula akishangaa, Mwalimu Consolata akiwa amesimama mlangoni akimtazama kama mgonjwa anayepewa dawa.

Ijumaa hiyohiyo Datius alipiga simu, sauti ikasikika nyumba nzima. "Mama, jana nimeunguza mkate! Mama mwenye nyumba kanifokea mpaka paka akakimbilia darini!" Alikuwa akicheka hadi akakohoa. Lakini Mwalimu Consolata alipokata simu alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Wanamtesa mwanangu," alisema. "Wanampikisha mikate!"

Wivu ulikuwa umemchoma Najibu mpaka kwenye mbavu.

Jumamosi asubuhi wote watatu walifunga safari kwenda Ngenge, wilayani Muleba, kwa Bibi Kemilembe, mama yake Mwalimu Consolata. Goti la Bibi lilikuwa limevimba mwezi mzima, na maharage yake yalikuwa bado kwenye ungo wakati ya majirani yameshachomoza majani mawili mawili. Najibu alichukuliwa kwa sababu asingeachwa peke yake: nani angempikia? Alivalishwa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe.

Bibi Kemilembe alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho makali. Aliwapokea kwa desturi ya Kihaya, akamtolea mgeni kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Najibu akachukua mbili, akatafuna, akashukuru. Kisha akawekewa kiti barazani. Bibi akatazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyana upande wa ziwa. Akatazama majembe manne yaliyoegemezwa ukutani. Akawatazama watu.

"Na huyu?" akauliza.

"Huyu ni mgeni, mama," alijibu Mwalimu Consolata.

"Amefika lini?"

"Zimetimia wiki tatu sasa, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Wiki tatu!" Bibi alishika kiuno. "Amewakosea nini?"

"Hajatukosea chochote!"

"Basi anaumwa?"

"Haumwi, mama. Ni mgeni."

"Mtu mzima, ana mikono miwili, mmemkalisha kitini wiki tatu kama sanamu ya mtakatifu! Hata mtakatifu hubebwa siku ya maandamano akapunga upepo." Akamgeukia Najibu. "Mwojo, we kijana, unajua kushika jembe?"

Najibu alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Najua, Bibi! Ninalifahamu vizuri sana!"

"Anaongea kama redio," alisema Bibi. "Haya, redio, chukua hilo la mpini mfupi."

Waliingia kibanjani, chini ya migomba na mibuni. Najibu alikunja mikono ya shati, akatema mate viganjani kama alivyoona wajomba zake wakifanya, akaliinua jembe hadi juu ya kichwa. Kwao, kwenye miteremko ya mlima wa volkano, ardhi ina mawe, na asiyelima kwa nguvu hulima vumbi. Jembe likashuka kwa kishindo. Likazama. Likakata kitu laini, kikalia *kwachu*, na utomvu ukachuruzika.

"Weee!" Sauti ya Bibi Kemilembe iliwarusha ndege waliokuwa mtini. "Unamchimbia nani kaburi? Mizizi ya mgomba iko juu juu, kama mishipa ya mkono wangu huu! Hapa tunakwaruza, hatuchimbi! Ukiimaliza migomba yangu utakula nini, mpini?"

Mwalimu Consolata alilitupa jembe lake. "Mama, tafadhali! Usimfokee, ni mgeni!"

"Mgeni yuko wapi? Mimi namwona mtu aliyekata mgomba wangu!"

Najibu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mwalimu Consolata alimkimbilia akidhani analia. Na kweli machozi yalikuwepo. Ila kijana alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyepata kitu alichokuwa ameshakata tamaa ya kukipata.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Mama yangu angesema hivyohivyo. Hata hilo la kaburi angelisema." Kisha akamgeukia mwenyeji wake, na ulimi uliokuwa umefungwa wiki tatu ukafunguka. "Mama, nina jambo la kukueleza. Nimejaza karatasi ya kurudi nyumbani."

"Najua," alisema Mwalimu Consolata kwa sauti ndogo. "Niliiona Jumatano, nilipochukua shuka kufua, ikadondoka kutoka kwenye daftari lako. Nilidhani kuku hawatoshi."

"Kumbe ndiyo maana Alhamisi jogoo alikufa bila kosa!" alisema Annastella.

"Kuku walitosha, mama," Najibu alisema. Kiswahili chake cha taarifa ya habari kilikuwa kimeanza kumwishia. "Nyie mnacheka jikoni, mimi niko sebuleni na kitambaa. Hakuna hata anayeniambia nimekosea. Nimekuwa kama barua iliyoletwa nyumba isiyo yake, kila mtu anaogopa kuifungua."

Mwalimu Consolata alikaa juu ya majani makavu, vilevile na gauni lake la safari.

"Nilikuwa namfikiria Datius," alisema. "Nilijiambia, nikimshika mtoto wa mwenzangu kama yai, basi na huko aliko, mwanangu atashikwa kama yai." Akaokota jani, akalikunja. "Na jana kwenye simu… alikuwa anacheka, sivyo?"

"Alikuwa anacheka, mama," Annastella alijibu, na safari hii hakutania. "Alicheka mpaka akakohoa."

"Mkimaliza kulia, maharage yako kwenye ungo," alisema Bibi Kemilembe. "Mbegu hazioti kwa machozi."

Wakacheka, wakainuka. Bibi alimshika Najibu mkono, akamwonyesha jinsi ya kulilaza jembe, kukwaruza udongo bila kuugusa mzizi, kudondosha punje mbili na kuzifunika kwa nyasi. Alimgombeza kwa kupinda mstari. Alimgombeza kwa kukanyaga alikopanda. Mara ya nne alianza kumgombeza, akakuta hakuna kosa, akaguna kwa masikitiko. Jirani mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa nyasi kichwani alisimama kwenye ua akawapa pongezi wapewazo watu walio kazini: "Wakola, waitu!" Ikamfikia na Najibu, sawasawa na wengine.

Mstari wa mwisho ulifunikwa tone la kwanza la mvua likigonga jani la mgomba. Walikimbilia jikoni, wakaketi chini, wakala ndizi na maharage kutoka kwenye jani moja lililotandazwa katikati. Shati jeupe lilikuwa na rangi ya Muleba mbele na nyuma. Walipomaliza, Najibu alikusanya vikombe na masufuria. Mkono wa Mwalimu Consolata ulinyooka kumpokonya, kama ulivyozoea. Ukasita hewani. Kisha ukageuka, ukachukua kipande cha sabuni, ukampa.

"Masizi ya sufuria hiyo uyasugue," alisema. "Usiilambishe maji tu."

Jumatatu Najibu alikwenda ofisini akaomba fomu nyingine.

"Ya kwanza umeiharibu?" aliuliza karani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nimeharibika," alijibu, na akatia alama katika kisanduku cha kwanza.

Mchana kikundi kilikutana. Kagaruki alipofungua kinywa kusema kuhusu jina la kwanza, Najibu alimwahi. "Jina liwekeni la mwisho, ila nipeni sehemu ngumu." Wakampa ya mizizi na rutuba ya udongo. Aliiandika, wakaisoma, wakamkosoa mistari sita na kumcheka miwili. Alirudi Hamugembe akipiga mluzi.

Jioni hiyo, akiwa ameinamia madaftari, sauti ya Mwalimu Consolata ilipasua nyumba kutoka uani.

"Najibuuu! Nani ameacha ndoo katikati ya mlango? Mnataka nivunjike kiuno? Njoo uitoe hapa, na uje umenye ndizi, mikono yako si ya maonyesho!"

Kijana alifumba daftari taratibu, kama mtu aliyeitwa jukwaani kupokea zawadi. Jikoni Annastella alisogea kidogo kwenye mkeka, akamsogezea kisu na kichane cha ndizi.

"Karibu nyumbani, mheshimiwa," alisema. "Umechelewa wiki tatu."

Vicheko vikaendelea, na chake kikiwamo. Kitambaa cha kufuma kilikunjwa kikarudi kabatini, kimngoje atakayefika, kwa siku zake mbili za haki. Kwa maana mwenye kukunyima jembe amekuacha mlangoni, hata akikulisha kuku; na mwenye kukupa jembe amekupa nyumba. Wahenga hawakuwa wachoyo waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.