Mlinzi wa Mwamba wa Mbarika

Kama mnatafuta mtu wa kumcheka, mimi hapa. Serikali ilipoufunga mwamba wetu kwa miezi mitatu ili pweza wakue, mimi, mwenye boti kubwa kuliko zote kijijini, nilikuwa nimeshanoa vyuma vya kuchomea pweza na kuwaandaa wapiga mbizi wangu. Sheria niliona ni ya watu wa mitumbwi.

Kesho yake akaja Bi Mize, mwenyekiti wa kamati ya ufukwe, mama asiye na hata ngalawa.

"Bwana Makungu, nasikia kuna watu wanataka kuingia mwambani kuiba. Sisi wanawake hatuwawezi. Lakini wakikuona wewe na boti yako, nani atathubutu?"

"Na mimi napata nini?"

"Siku ya kufungua utaingia wa kwanza. Sisi tutakufuata nyuma."

Kichwa kikanivimba. Kila maji ya bamvua yalipotoka na kuuacha mwamba wazi, nilitia nanga pale, juani, na miwani yangu myeusi, nikifukuza hata ndege. Wapiga mbizi niliwakataza wasiguse maji, wasije wakanipunguzia pweza wangu. Hakutokea mwizi. Nikajisifu barazani kwamba wameliogopa jina langu.

Siku ya kufungua pweza walikuwa wakubwa, na kina mama wote walijaza makapu. Nikamwuliza Bi Mize kwa maringo, "Hao wezi walikuwa wangapi hasa?"

Akafunika kapu lake taratibu.

"Alikuwa mmoja tu, Bwana Makungu. Na zamu yake ya ulinzi hakukosa hata siku moja."