Buku, Kiboko na Ukingo wa Bwawa

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmeyaleta?
— Tumeyaleta!
Basi yafungueni, ngano inaingia.

Palikuwa na Kiboko, na Kiboko alikuwa na bwawa. Kila kiangazi bwawa lilikauka, likabaki tope, na mgongo wa Kiboko ukapasuka kwa jua. Kando ya bwawa palikuwa na ukingo wa udongo mweusi, mihogo inajiotea yenyewe. Kiboko hakuila. Lakini mwingine akiila, alikosa raha.

Siku moja alimwita Panya Buku. Shimo la Buku lilikuwa limekanyagwa na nyati, na yeye ana mke na watoto tisa.

"Buku, nichimbie mfereji kutoka mtoni. Ukimaliza, ukingo ule ni wako."

"Tuandikishane, mzee?"

"Tuandikishane! Mimi na wewe? Neno langu halikutoshi?"

Buku akaona haya, akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Asubuhi kwaru, jioni kwaru, mpaka kucha zikaisha. Mwezi wa tatu maji yakaingia bwawani, bwaaa!

Buku akahamia ukingoni na wanawe. Hata muhogo wa kwanza haujaiva motoni, Kiboko akatoa kichwa majini.

"Nani kakuruhusu hapa?"

"Si uliniuzia, mzee?"

"Karatasi iko wapi?"

Wakaenda kwa hakimu, naye hakimu ni Nyumbu. Chura akaja kutoa ushahidi. "Nilisikia mimi! Kroo! Alimuuzia!"

Nyumbu akatikisa ndevu. "Kusikia umesikia. Lakini sheria yasema ardhi huuzwa kwa maandishi. Buku, hama."

Mke wa Buku akaangua kilio. Buku akasema, "Nimekubali, mheshimiwa. Naomba kuuliza tu: bwawa lenyewe Kiboko alilipata wapi?"

"Nilinunua kwa Mamba!" akasema Kiboko, kifua mbele.

"Kwa maandishi?"

"Kwa... tulisemezana."

Nyumbu akakuna pembe. "Basi bwawa ni la Mamba."

Mamba, aliyekuja kusikiliza kesi, akachekelea. Nyumbu akamgeukia. "Na wewe ulilipata wapi?"

"Kwa Korongo. Tulisemezana."

"Basi ni la Korongo. Korongo naye..." Nyumbu akashika kichwa. Akamtazama Kiboko, akamtazama Mamba, akatazama kwato zake. "Hivi mlalamikaji ni nani hapa?"

Hakuna aliyekumbuka. Chura akasema ni yeye, wakamkalisha chini.

"Sikilizeni," akasema Nyumbu. "Keshokutwa atakayeniletea maandishi, yenye alama ya mguu wake na ya shahidi, nitayafuata hayo hayo. Kichwa kinaniuma."

Kiboko akatokwa na jasho jekundu. Kusoma hajui, kuandika hajui, na bonde zima anayejua kuandika ni Buku, kwa meno, kwenye gome la mti. Akamfuata mbio, puu, puu, puu!

"Buku, ndugu yangu! Niandikie bwawa langu."

"Na ukingo je, mzee?"

"Andika na ukingo. Andika vyote!"

Buku akaguguna gome, gugu-gugu-gugu.

"Jina langu lipo?"

"Lipo, mzee. Tena kubwa kuliko langu."

Kiboko akakanyaga, paa! Chura naye akakanyaga, pwa!

Siku ya siku Nyumbu akasoma: "Bwawa ni la Kiboko. Nami Kiboko nimemuuzia Buku ukingo kwa kazi ya mfereji. Kazi nimeipokea."

"Sikusema hivyo!" akanguruma Kiboko.

"Ulichosema hakipo hapa. Mguu ni wako?"

"Wangu, lakini nakataa!"

"Haya," akasema Nyumbu. "Kataa kwa maandishi."

Kiboko akatoka kumtafuta mwandishi. Mwandishi alikuwa ukingoni na mkewe na watoto tisa, wanamenya mihogo, akamwambia, "Leo sina nafasi, mzee."

Ngano imefika kwake, nami nirudi kwangu. Fundisho, wanangu: neno la mkubwa latosha, na kudai karatasi ni utovu wa adabu. Au ni kinyume chake? Hata mimi imenichanganya. Nyie fuateni lolote, ila msiniwekee alama ya mguu.