Jani la Nne kwenye Furushi la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Fisi alipokuwa na mkia mrefu wa kujivunia, wanyama walikuwa na kijito kimoja na Baraza la kukitungia sheria. Baraza likasema: "Kila mnyama anywe kwa zamu. Mfalme Simba apange zamu, ila kila amri yake isomwe hapa kwanza. Tukiikataa, itupwe."

Sheria nzuri, jamani. Lakini Simba alimwachia kazi karani wake, Fisi, na Fisi aliwajua wazee wa Baraza. Aliwaletea chakula kwanza, amri baadaye.

Wakishashiba, aliweka mbele yao furushi la majani yaliyoandikwa. "Waheshimiwa, ni mambo madogo madogo tu."

Mzee Tembo, mwenyekiti, alipiga mwayo. "Tumekubali," akasema. Kila mmoja akagonga wayo wake juu ya furushi bila kulifungua.

Ikapita amri ya kwanza: ndege wanywe mwisho. Ikapita ya pili: ndege wanywe kila siku ya tatu. Ikapita ya tatu: ndege asinywe bila ruhusa ya Fisi. Na ruhusa ya Fisi ilipatikana kwa yai.

Kanga alikuwa na vifaranga sita, midomo imewakauka. Alipofika kijitoni, Kaa, askari wa maji, alimwonyesha magando. "Mama Kanga, nakuhurumia. Lakini mimi situngi amri, nabana tu."

Kanga akaenda kwa Tembo. "Mzee, ile amri mliisoma?"

"Ilipita barazani, mwanangu."

"Najua ilipita. Nauliza kama uliiona ikipita."

Tembo akacheka, akamwambia aende salama. Kanga akarudi na uchungu moyoni. Dawa ya moto ni moto, akasema.

Siku ya Baraza, Fisi alikuwa amezama kunusa chungu cha nyama. Kanga akachukua jani, akalichorachora kwa ukucha, akalisukumiza ndani ya furushi. Wazee wakala, wakashiba. Tumekubali. Fisi, kwa kuwa ndiye karani, aligonga wayo wa kwanza.

Asubuhi Kaa akaja barazani, magando yamenolewa. "Amri mpya. Kila aliyegonga wayo atoe mkia, mfalme apate migwisho ya kufukuzia nzi. Tunaanza na wa kwanza."

"Hiyo sikuiandika mimi," Fisi akasema.

"Na wayo huu ni wa nani?"

Kachu! Nusu ya mkia wa Fisi ikaanguka chini.

Wazee wakaikalia mikia yao. "Hatukuisoma," Tembo akalia.

"Mzee," Kanga akasema, "ilipita barazani."

Tembo akaona aibu. Siku hiyo walishinda na njaa, wakafungua furushi jani baada ya jani, ya zamani na mapya, wakayasoma kwa sauti. Majani manne yakatupwa. Kabla jua halijatua, vifaranga sita walikuwa majini hadi shingoni.

Tangu hapo Baraza husoma kwanza, chungu hufunuliwa baadaye. Na Fisi akimwona Kaa, hupitia mbali, amebana makalio.

Basi, ukimpa mwenzio mamlaka yako, usimpe na usingizi wako. Mlinzi akishiba akalala, mwenye kiu ndiye huumia.

Hadithi nimeifunga kwa kamba ya mgomba, na fundo nimelikaza. Mmekubali?

Tumekubali!

Mmekubali nini?