Wake Watatu na Chombo Kikavu

Hapo zamani, mnaonisikiliza, Shebughe alikuwa na wake watatu katika ua mmoja: Mwajabu mkubwa, Saumu wa kati, Mashavu mdogo. Milango mitatu, majiko matatu. Walisemezana kwa kanga tu.

Shebughe akaharisha kwa Mashavu mpaka macho yakadidimia. Zamu ya Mashavu ikaisha, akahamia kwa Saumu. Ya Saumu ikaisha, akaletwa kwa Mwajabu. Mwajabu akaona chombo cha haja ndogo kikavu. "Amejisaidia kwa Saumu," akawaza. "Na mimi nikamuulize Saumu? Thubutu!"

Jua likawa la utosi, chombo kikavu. Midomo ya mume ikapasuka kwa ukavu. Mwajabu akameza wivu, mchungu kama shubiri, akavuka ua.

"Saumu, mume alikojoa kwako?"

"Umekuja kunichunguza, bibi mkubwa? Nilidhani alikojoa kwa Mashavu!"

Mashavu naye akatikisa kichwa.

Wakamkimbiza hospitali pamoja na mashemeji. Daktari akapima damu. "Figo zimeumia ghafla. Amekaukiwa maji, lakini pana kingine. Amemeza dawa gani?"

Mwajabu akamwona Saumu anajifunika uso kwa kanga na, Mungu amsamehe, moyo wake ukafurahi.

"Vidonge vya maumivu ya mgongo," Saumu akasema mbele ya mashemeji. "Nilimpa vingi. Nilitaka apone mikononi mwangu."

Daktari akavikataza vile vidonge, akamtundikia maji. Mwili ulipotosheka maji na mkojo bado mchache, akaagiza kila anachokunywa kipimwe, na kila anachotoa, maji yasije yakamjaa mwilini. Mashavu akashika kikombe cha kupimia. Shebughe akalilia maji, akamwita mkewe mchawi. Mashavu hakumwongeza hata tone. Mkojo ukarudi.

Siku ya kurudi nyumbani, kwa desturi yao, mlangoni anapovua viatu aliyepona ndipo hupikwa karamu ya dua, na mwenye mlango huo ndiye huimbiwa sifa za kumponya.

"Nisingeuliza, mngeulizia sanda," akasema Mwajabu.

"Nisingekiri, daktari angetibu gizani," akasema Saumu.

"Uliwasha moto, sasa wataka shukrani kwa kuuzima?"

"Na wewe uliuona moshi, ukakaa!"

"Ninyi mlisema tu," akasema Mashavu. "Mimi nilitukanwa, na nikakaza mkono."

"Kwako ndiko alikoanza kuharisha, mwanangu, na ukatuficha!" akajibu Mwajabu.

Shebughe amesimama katikati ya ua, viatu mguuni. Mwajabu ameshika kata ya maji mlangoni pake, hapepesi jicho.

Haya, nyie mliokaa hapa: avue viatu kwa nani?