Mitungi Minne na Nusu

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni kisima kilichokauka, udongo wake umepasuka vipande vipande. Kando yake kuna mitungi mitano kivulini. Minne imejaa hadi shingoni, wa tano una maji nusu tu. Sasa waoneni wanyama wadogo wamesimama juani, kila mmoja na kibuyu kitupu.

Hayo yalitokea zamani, zamani ambazo wanyama walijenga nyumba, walipika na walizikana kama sisi.

Mitungi ile ilikuwa ya Mzee Nyati. Aliyachota maji ya mwisho ya kisima cha wote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsukuma. Miguu yake ingemfikisha mtoni bila kunywa tone, ila alipenda kuingojea mvua akiwa amelala. Rafiki yake Fisi alikaa hapo kumsaidia kulinda.

Wadogo walikuwa nyumba sita: Pimbi, Kobe, Panya, Nungunungu, Nguchiro na Kindi. Walitaka kuhamia mtoni, safari ndefu ya mchanga mtupu. Walikuwa wamepima: kila nyumba ikipata robo tatu ya mtungi, watoto watafika.

Bi Kindi alichaguliwa kuwasemea. Mgongoni alimbeba bintiye mdogo, Zawena.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Mmekuja tena?"

"Tumekuja tena, mzee. Mtoto wangu hajanywa tangu jana."

"Nitazipa nyumba mbili," Nyati akasema. "Nyingine zingoje mvua. Maji hayatoshi."

"Yanatosha, mzee. Tugawe tuone."

Fisi akacheka, he-he-heee. "Huyu mama mkia wake mrefu kuliko akili yake. Nyumba sita, mitungi haifiki hata mitano, eti yanatosha."

Walibishana. Jua likapanda, likafika utosini. Mgongoni, Zawena akaacha kulia.

Kindi naye akaacha kubishana. Akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

"Basi, mzee. Gawa mitungi minne na nusu kwa robo tatu. Jibu litakalotoka ndiyo idadi ya nyumba zitakazopewa, kila moja robo tatu yake. Likitoka dogo, tutarudi kimya."

Fisi akamnong'oneza Nyati. "Kubali upesi. Mimi nimegawa nyama maisha yangu yote. Ukigawa kwa wawili, inapungua. Kwa watatu, inapungua zaidi. Kugawa ni kupunguza. Na hiyo robo tatu haifiki hata moja! Haitatoka nyumba hata moja."

Katika nchi ile, mwenye maji akisema huku amegusa mdomo wa mtungi, neno lake halirudi. Nyati akaweka kwato juu ya mtungi. "Nimekubali."

Kindi akachukua kata. "Kata nne hujaza mtungi mmoja, sivyo, mzee?"

"Ndivyo."

"Basi kata moja ni robo, na kata tatu ni robo tatu."

Chub, chub, chub. Pimbi akapata. Mtungini ikabaki kata moja. Zikaongezwa mbili kutoka mtungi wa pili, Kobe akapata. Panya akapata, Nungunungu akapata. Mitungi mitatu ikafudikizwa, na nyumba nne zina maji.

Masikio ya Nyati yakalala. "Fisi, ulisema itapungua."

"Inapungua, mzee. Si unaiona mitungi?"

"Na nyumba je?"

Fisi akajikuna shingo.

"Fisi hugawa kwa walaji," Kindi akasema taratibu, huku akimjazia Nguchiro. "Huuliza kila mmoja atapata kiasi gani. Mimi niliuliza robo tatu zimo ngapi. Kila mtungi una robo nne. Minne na nusu ina robo kumi na nane. Zitoe tatu tatu, utapata sita."

Zilibaki kata tatu. Anayewasemea wenzake hupokea mwisho, ndiyo ilikuwa desturi yao. Kindi akafungua mbeleko, akamlaza Zawena mapajani, akamtilia maji mdomoni.

"Kunywa, mama. Kunywa kidogo."

Maji yakatiririka kidevuni, yakalowesha kifua. Zawena hakumeza. Kindi akajaribu tena, kisha akampangusa kidevu kwa kiganja chake.

Fisi akauliza, "Fungu la huyo si lirudi, basi?"

"Nyamaza," Nyati akamwambia.

"Nina wengine wawili nyumbani," alisema Kindi. Akaziba kibuyu chake.

Nyati akainuka. Hakuna aliyemwomba, lakini alichimba kaburi kwa pembe zake, gu, gu, gu, katika ule udongo mkavu. Kisha akarudi kivulini, penye mitungi iliyofudikizwa, na hakulala.

Nyumba sita zikashika njia. Watoto wote waliobebewa maji yao walifika mtoni.

Lakini fikirini, wanangu. Hila ya Kindi haikuongeza hata tone. Yale mafungu sita yalikuwamo mitungini tangu asubuhi, wakati Zawena angali akilia.

Maji yakitosha, anayechelewa kuyagawa ni sawa na aliyenyima.

Nawaombeni mkumbuke jambo moja tu: kabla ya kusema hakitoshi, pimeni kwanza.