Kamba ya Mafundo na Kiti Kimoja

Hapo zamani, zamani ile ya juzijuzi ambayo wengine bado tuna viatu vyake, palikuwa na mji uliozungukwa na mkonge pande zote. Mkonge ule ulikatwa na watu waliotoka mbali, Buha na Urundi huko. Waliletwa wakiwa vijana, kwa mkataba wa miezi, wakapangwa kambini wakaitwa manamba. Mkataba ukaisha, wa kuwarudisha hakuonekana. Wakazaa, na waliozaliwa nao wakazaa, na bado mjini ukiuliza hawa ni akina nani, unajibiwa: watu wa kuja.

Basi wakatokea akina mama watatu wa mjini, jambo hilo likawauma. Wakaanzisha Chama cha Kuwainua Mabinti wa Kambini. Kambini kwenyewe hakuna hata mmoja wao aliyetoka. Siku ya kwanza kabisa, kabla binti yeyote hajafanyiwa lolote, waligawa fulana zilizoandikwa kifuani NIMEINULIWA.

Mwenyekiti alikuwa Bi Zaituni. Huyu alipenda wageni, na alipenda mapambo ya kuwaonyesha wageni. Akiona kinu kambini, anakibeba akakiweke ofisini. Akiona ungo, anaubeba akautundike ofisini.

Katibu alikuwa Bi Herieth. Huyu alipenda kuandika. Mtu akisema, anaandika. Mtu akipiga chafya, anaandika. Na kila aliyefungua mdomo kikaoni alitiwa wino kidole gumba, akagonga chini ya maneno yake.

Msemaji alikuwa Bi Mwantumu. Huyu alipenda kipaza sauti. Mpe aseme jina lake tu, mtainjika maharage yaive, mle, muoshe vyombo, yeye bado yuko kwenye jina.

Sasa, Kambi ya Saba alikuwapo binti akiitwa Daforoza, yatima wa mama, amelelewa na shangazi pamoja na mdogo wake Leokadia. Daforoza alisoma, akafaulu, akapata nafasi chuo cha wakunga. Chuo kikamwambia: lete cheti cha kuzaliwa, mwisho Ijumaa saa tisa. Ikipita hapo, nafasi anapewa mwingine.

Akaenda ofisi ya vizazi, kwa Bwana Singano. Bwana Singano akamtazama juu ya miwani.

"Umezaliwa wapi?"

"Kambi ya Saba, baba."

"Nani anajua?"

"Mama. Lakini ameshafariki."

"Daftari la zahanati ya shamba?"

"Limeliwa na mchwa."

Bwana Singano akafunga faili. "Basi, binti, ofisi hii haiwezi kujua kama umezaliwa."

Daforoza akatoka pale na miguu yake yote miwili, mzima, hajazaliwa.

Njiani ndipo alipoikumbuka kamba ya Bibi Nahimana, lakini ofisi gani ingekubali kusoma kamba?

Bibi Nahimana alikuwa mkunga wa Kambi ya Saba. Kalamu hakuijua. Alikuwa na kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe, na kila mtoto aliyempokea alimfungia fundo. Wa kiume, fundo moja. Wa kike, fundo la kukunja mara mbili. Ndani ya fundo anapenyeza kitambaa cha kanga aliyopokelewa nayo mtoto. Mwaka ukigeuka, anafunga utepe mweusi, anaanza tena. Watoto wa kambi walijua mafundo yao kama wanavyojua vidole vyao.

Na ile kamba ilikuwa wapi? Ilikuwa ofisini kwa chama, imetundikwa juu ya kiti cha Bi Zaituni, pembeni ya saa. Mwaka mmoja nyuma Bi Zaituni alizuru kambi, akaiona ukutani kwa Bibi Nahimana, akasema jamani, kitu kizuri hiki. Akaichukua. Wageni wakiuliza, anawaambia ni mkufu wa harusi, wa asili, wa watu wa kambini.

Bibi Nahimana aliifuata. Alitembea mpaka mjini, akaingia katikati ya kikao, akadai kamba yake. Akasimama akaisoma mbele yao, fundo kwa fundo: huyu ni fulani wa fulani, alizaliwa mvua ikinyesha, hili la kanga ya njano ni Daforoza wa Spesioza, alizaliwa wakati wa vuli, mwaka kiwanda kilipoungua. Bi Herieth akaandika lote, asiache neno, kwenye kifungu cha Mengineyo. Akamgongesha kidole gumba. Kisha kikao kikaazimia hivi: malalamiko yamepokelewa. Bibi Nahimana akarudi kambini mikono mitupu.

Wiki ya pili tingatinga likaja kusafisha upande mmoja wa Kambi ya Saba kupisha mkonge mpya. Nyumba ya Bibi Nahimana ikalala na vyote vilivyokuwamo. Masika yake, mwenyewe naye akafariki.

Haya. Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, Bi Mwantumu alikuwa redioni. Habari za Daforoza kunyimwa cheti alizisikia njiani tu, wala hakuulizwa, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. Akatangaza kwamba chama chake kimekwisha kumpatia binti wa kambini cheti cha kuzaliwa, na akamshukuru kwa jina Bwana Singano, mtumishi asiyebagua. Hakuna cheti kilichokuwapo. Lakini jioni hiyo Bwana Singano alipongezwa msikitini, akapongezwa dukani, na mkewe akamwambia, siku zote nilijua una moyo.

Ijumaa asubuhi Bwana Singano akaagiza Daforoza aitwe. Akasema, lete chochote, binti, chochote kile, mradi kina kidole gumba.

Daforoza akakimbia ofisini kwa chama. Bi Zaituni alikuwa anafuta vumbi kwenye vinu, maana Jumamosi walitegemea wageni.

"Shikamoo, mama. Nimefuata kamba."

"Marahaba, mwanangu. Kamba ipi? Huu mkufu? Hii ni mali ya chama, na kesho kuna wageni. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa sina chuo."

"Subira, mwanangu. Tunakuinua taratibu."

Daforoza alivua ndala, akapanda juu ya kiti cha mwenyekiti, akaitungua kamba msumarini. Akashuka nayo, akaonyesha fundo lenye kitambaa cha njano. "Mimi ndiye huyu hapa, mama. Umenitundika ukutani mwaka mzima."

Bi Zaituni akasema basi, nenda nayo, lakini kesho irudi msumarini, na uje umevaa fulana. Bi Herieth, mezani kwake, akafungua Mengineyo, akanakili maneno ya Bibi Nahimana, akathibitisha kwamba kidole gumba chake kimo, akagonga mhuri mara tatu, kwa kuwa mhuri nao aliupenda. Daforoza akakimbia tena. Bwana Singano akaweka kidole juu ya fundo, akaweka kingine juu ya maandishi, akahesabu tepe nyeusi, akaandika. Saa tisa kasorobo cheti kikafika chuoni.

Jumamosi wageni wakaja. Kiongozi wao, mama mmoja mpole wa kutoka mbali, alileta kiti kimoja cha mninga, kimenakshiwa mgongoni MAMA WA MABINTI. Kimoja tu. Akina mama watatu wakakitazama, kila mmoja akajitengenezea mahali pa kukiweka.

Bi Zaituni akasimama wa kwanza. "Nisingeitoa kamba ile kambini, leo ingekuwa chini ya kifusi, na binti huyu pamoja nayo. Mimi ndiye niliyeiokoa."

Nyuma ukumbini walikaa wanawake wa kambini. Mmoja wao, binti wa Bibi Nahimana, akauliza bila kuinuka, "Uliiokoa kutoka kwa nani?"

Bi Herieth akasimama wa pili. "Bila maandishi yangu, ile ni kamba ya kuanikia nguo. Mimi ndiye niliyelitunza neno la marehemu."

"Ulimwandika," akasema yule yule. "Kumsikiliza ndiyo hukumsikiliza."

Bi Mwantumu akasimama wa tatu, kipaza sauti kimekwisha kufika mkononi. "Kamba ilikuwapo mwaka mzima, maandishi yalikuwapo mwaka mzima, cheti kilikuwa wapi? Mimi ndiye niliyemfungua Bwana Singano mkono."

"Kwa uongo."

"Sikusema uongo, dada yangu. Nilitangulia tu."

Ndipo wanawake wa kambini nao wakasema lao. Kiti kiende kambini, kwa binti wa Bibi Nahimana, maana aliyefunga mafundo ni mama yake. Na kamba iende naye, kwa kuwa tangu ichukuliwe wamezaliwa watoto kumi na mmoja wasio na fundo. Na msichana mmoja akasema hapana, kiti akikalie Daforoza mwenyewe, kwani kamba haikujitungua.

Yule mgeni mpole akachoka. Akachukua kanga mpya, akampa Daforoza mkononi. "Wewe ndiye unayejua, mwanangu. Utakayemvisha kanga hii, kiti ni chake."

Daforoza akasimama na kanga. Mbele kabisa alikaa Leokadia, ndani ya fulana ya NIMEINULIWA iliyomfika magotini. Mwakani ni zamu yake kutafuta cheti. Fundo lake ni lile la kitambaa cha kijani, la kike, na kamba imesharudi msumarini kwa Bi Zaituni. Maneno ya fundo hilo yako katika Mengineyo, na ufunguo wa kabati anao Bi Herieth. Na Bwana Singano, sifa zimeshampoa. Wa kumpasha moto tena ni Bi Mwantumu.

Akina mama watatu wakaweka mabega sawa. Binti wa Bibi Nahimana hakuyaweka sawa. Alikuwa anaitazama kamba. Daforoza akaikunjua kanga, akapiga hatua moja.

Semeni ninyi mliokaa hapa: nani alistahili kiti kile? Na ungekuwa wewe ndiye uliyeshika kanga, Leokadia anakutazama, ungemvisha huyo huyo?