Chai ya Tausi

Sogeeni, wanangu, mnipe masikio. Katika hospitali moja palikuwa na wanawake watatu: Mwanamvua, muuguzi mwenye masikio makali, Eshe, mtaalamu wa matatizo ya kumeza mwenye vidole vyepesi, na Nuru wa ofisi ya mafaili, asiyeridhika na neno lililolegea.

Bi Kibibi alimleta mumewe, Mzee Shekuwe, aliyepigwa na kiharusi. Alileta na shaka yake. Nyumbani kwao mzee hulishwa chakula na mkewe. Chai huletewa na mkamwana. Bokoboko la Bi Kibibi, ule uji mzito wa ngano na nyama, lilishuka vizuri. Chai ya Tausi, mke wa mwanawe, ilimpalia kila alipoinywa, hata kifua kikaugua.

"Iweje apaliwe kwa mkono wako tu?" Bi Kibibi alimnong'oneza Tausi. "Unatia nini?"

"Sukari, mama."

Tausi alikuwa mjamzito, na alijua kwamba kwa shaka hiyo ya mavyaa angefukuzwa nyumbani.

Mwanamvua alikuwa akimpelekea dawa mgonjwa mwingine. Akamsikia mzee akiitikia salamu baada ya chai.

"Sema tena, babu."

"Marahaba." Sauti ilitoka kama iliyolowa.

"Chai hii haikwenda tumboni."

"Si nilisema ina kitu!" Bi Kibibi akadakia.

Mwanamvua akamwita Eshe. Huyu akaweka vidole kooni pa mzee, kisha akabadilisha mikono: Tausi alishe uji mzito, Bi Kibibi anyweshe chai. Uji ukashuka. Chai ikampalia mzee hadi machozi.

"Ah! Na mimi mchawi?"

"Hapana, mama. Koo lake linachelewa kuifunga njia ya hewa. Kizito hulisubiri, chepesi hakingoji."

Eshe akaandika kwenye faili "shida ya kumeza", akaenda zake.

Kazi ya Nuru ni kugeuza maneno kuwa namba ya ugonjwa, ambayo kila wodi na kliniki huifuata. Akamrudishia Eshe faili.

"Shida iko mdomoni, kooni, au chini zaidi? Na chanzo chake?"

"Unanipima?" Eshe akanuna.

"Mara ya kwanza alipoletwa hapa, mzee alipewa namba ya jumla. Wakatibu kifua, wakampa chai."

Eshe akaongeza: kooni, kutokana na kiharusi. Namba ikapatikana. Jiko likazuia chai nyepesi, kliniki ya kumeza ikampokea, na kifua kikatulia.

Tausi akajifungua msichana. Kwao bibi ndiye humpa mjukuu jina, na Bi Kibibi aliapa kumpa la aliyeiokoa nyumba yake. Lakini kila alipotaja mmoja, moyo ulimuuliza: bila wale wawili, je?

Tausi akaleta chai iliyotiwa unga ikawa nzito. Bi Kibibi akanyoosha mkono, akaionja kwanza. Tausi akatazama chini. Mzee akanywa, hakupaliwa.

"Bado unaonja, mke wangu?" akauliza. "Haya, mpe mtoto jina."

Bi Kibibi akampakata mjukuu wake.

Mwanamvua, Eshe, au Nuru? Je, wewe ungeamua vipi?